Wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo: kabla hujapanda ndege ya kurudi, kanywe chai ya Wakantoni

#1 Bint Chumbageni (mleta uzi), Novemba 2023

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu ni wa wale tunaokwenda Guangzhou kununua mzigo, na wa yeyote anayependa chai na vitafunwa. Ni mrefu, tafuteni pa kukaa.

Nilianza kwenda kule 2014, biashara ya mabegi. Ratiba yangu ilikuwa ile ile ambayo wengi wenu mnaijua: unashuka uwanja wa ndege wa Baiyun, unachukua chumba mtaa wa Xiaobei, asubuhi soko la mabegi upande wa Sanyuanli, mchana wali kuku kwa akina dada wa Afrika Magharibi au mkate na kababu kwa Waturuki, jioni unapiga hesabu za CBM (ujazo wa mzigo) na wakala, unalala. Ikaja Corona, China wakafunga mipaka Machi 2020, wakaja kufungua Januari 2023. Mimi nimerudi Oktoba hii, wakati wa Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara. Yaani safari zote za nyuma nilikuwa napita milangoni mwa migahawa ya chai ya wenyeji na sikuwahi kuingia hata mmoja. Niliogopa chakula nisichokijua, na zaidi niliogopa nguruwe. Hilo la nguruwe nitalirudia, msinikimbize.

Mama ninayenunua kwake mabegi tumefanya kazi miaka mingi kwa kikokotoo na WeChat tu. Safari hii akaniandikia: kesho asubuhi usije dukani, twende tukanywe chai. Nikajua ni kikombe kimoja, dakika kumi, basi. Nikanywa kabisa chai yangu na mkate hotelini.

Akanipeleka Xiguan, mji wa kale upande wa Liwan. Saa mbili asubuhi, jengo la ghorofa tatu, na kiti hakuna. Wazee wamejaa. Wengine na magazeti, wengine na wajukuu, kelele kama ukumbi wa harusi kabla bibi harusi hajaingia. Tukaketishwa meza moja na mzee tusiyemjua. Kule kuchangia meza ni jambo la kawaida, hakuna anayenuna. Zikaja birika mbili, moja ya chai na moja ya maji ya moto, na bakuli kubwa tupu katikati. Nilikuwa nataka kujimiminia chai, mzee akanizuia kwa mkono, kwa upole kabisa. Akachukua kikombe changu, kibakuli changu, kijiko na vijiti, akavimiminia maji ya moto, akavizungusha kimoja ndani ya kingine, akamwaga yote kwenye lile bakuli kubwa. Kisha akanisogezea. Hakusema neno. Bibi yangu alikuwa hakunyweshi chai kwenye kikombe ambacho hajakisuuza mbele yako, hata kama kimetoka kuoshwa. Nilimkumbuka pale pale.

Sasa vikaanza kuja vikapu. Vidogo vya mianzi, vya mviringo, vimepandana vitatu vitatu, mvuke unatoka. Cha kwanza kilikuwa na vitu vinne vyeupe vinaitwa har gow. Nisikilizeni vizuri hapa. Ngozi yake inaangaza, unaona kamba wa ndani na wekundu wake kama unavyomwona mtu nyuma ya pazia jepesi. Juu imekunjwa marinda madogo madogo, nikayahesabu, kumi na moja, yamelala upande mmoja kama mkunjo wa kitenge kilichopigwa pasi. Unainua kwa vijiti, ngozi inanata kidogo na karatasi ya chini lakini haichaniki. Unauma: kwanza laini, halafu kamba anakatika *tak* kati ya meno, halafu maji yake ya moto yanakujaa mdomoni. Hakuna pilipili, hakuna bizari. Ni kamba tu, anajisemea mwenyewe.

Jina la shughuli nzima kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, ni yum cha, maana yake kunywa chai. Hawasemi twende tukale, wanasema twende tukanywe chai. Dim sum ndivyo vitafunwa vyenyewe. Jamani, hiyo si lugha yetu? Kwetu Tanga mtu akikwambia "karibu chai", nani anategemea kukuta chai tupu? Kuna vitumbua, kuna mahamri na mbaazi, kuna sambusa zilizobaki jana, na kuna maneno ya saa mbili. Kule ni hivyo hivyo. Tumekaa saa mbili na nusu. Mama wa mabegi, ambaye nilikuwa namjua kwa bei tu, nimejua siku hiyo kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani na kwamba ana binti anasoma uuguzi. Mambo ya zipu na bei ya oda yalizungumzwa dakika tano za mwisho, chai ikiwa imeshapauka.

Kitu kimoja zaidi halafu nipumzike. Kila mtu akimiminiwa chai, anagonga meza kwa vidole viwili, taratibu, mara mbili tatu. Ndiyo asante yao, ili mazungumzo yasikatike. Wana hekaya yake: mfalme Qianlong alikuwa akitembea kusini kwa kujificha, amevaa kama raia, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi angesujudu angefichua siri, basi akakunja vidole mezani vikapiga magoti badala yake. Yule mzee wa meza yetu nilipommiminia aligonga hivyo bila kuinua macho.

Maswali karibuni.

#2 Kontena40

Dada umeniumiza. Nimekwenda kule mara kumi na mbili, nimeishia Xiaobei na chipsi. Naomba mambo matatu: panafikaje, shilingi ngapi, na mtu asiyejua Kichina anaagizaje?

#3 Ndugu wa Lushoto

Mimi kitimoto nakula, kwa hiyo sehemu hiyo sina hofu. Swali langu: hii si sambusa ya kuchemsha tu? Utamu unatoka wapi kama hakuna mafuta wala viungo?

#4 Bint Chumbageni

@Kontena40 kutoka Xiaobei panda metro laini ya 5 hadi stesheni ya treni ya Guangzhou, badili laini ya 2 ushuke Gongyuanqian, badili laini ya 1 hadi Changshou Lu. Ukitoka pale uko ndani ya Xiguan. Nyumba za chai za zamani zimezagaa huko: Tao Tao Ju ni ya 1880, Lian Xiang Lou ya 1889, Guangzhou Restaurant ya 1935. Panxi ni ya 1947, iko kandokando ya ziwa la Liwan, ina bustani na madaraja. Uende saa moja na nusu, usizidi saa mbili. Jumamosi na Jumapili familia nzima nzima zinatoka, utasimama mlangoni na kikaratasi cha namba.

Bei: sisi wawili tulilipa yuan 96, kama elfu thelathini na tano hivi za kwetu, na tulibakisha. Kila mtu anatozwa ada ndogo ya chai, hiyo ni lazima hata usipoinywa. Vitafunwa vimepangwa kwa madaraja: 小点 vidogo, 中点 vya kati, 大点 vikubwa, 特点 vya pekee, na 顶点 vya juu kabisa. Bei inafuata daraja, na kila kikapu kinagongwa muhuri au kuandikwa kwenye kadi ya meza. Kadi hiyo usiipoteze.

Kuagiza: sehemu nyingi unapewa karatasi yenye orodha na penseli, unatia alama. Nyingine unaskani kwa WeChat, na humo mna picha, mteremko. Nyumba zile za zamani kuna kaunta ya mvuke, unaenda na kadi yako na kuonyesha kidole.

@Ndugu wa Lushoto hapana, siyo sambusa ya kuchemsha. Namwachia mpishi yeyote aliyemo humu ajibu, mimi ni mlaji.

#5 Mpishi wa Kizingo

Salaam kutoka Mombasa. Nimefanya kazi jikoni hotelini miaka kumi na sita, na miaka miwili nilikuwa kwenye meli ya kitalii chini ya mpishi wa Kikantoni. Ngoja nimjibu ndugu wa Lushoto, kwa sababu hili jambo nalipenda mno.

Ngozi ya har gow si unga wa ngano. Ni wanga wa ngano, umechanganywa na wanga wa muhogo kidogo. Unajua haluwa? Mbona haluwa inang'aa, ukiiinua unaona mwanga? Ni wanga ulioiva. Ngozi ya har gow inaangaza kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa pwani aliyewahi kusimama kwenye sufuria ya haluwa ameshajua nusu ya siri.

Kazi iko hapa. Maji lazima yawe yanachemka kabisa wakati unayamwaga, ili wanga uive nusu pale pale ndani ya bakuli. Maji yakipoa kidogo tu, donge linakatikakatika. Mimi natumia wanga wa ngano gramu 100, wa muhogo 50, maji mililita 175, chumvi, na mafuta kijiko unapokanda. Donge linakuwa laini kama ndewe ya sikio ukiishika. Hausukumi kwa mti wa chapati. Unachukua kisu kipana, unapaka mafuta ubavu wake, unaweka kidonge mezani na kukibonyeza kwa ubavu huku unazungusha mkono. Kinatoka duara, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Ule mwembamba ndio unaokunjwa marinda. Mpishi wangu alikuwa anahesabu: chini ya saba anairudisha, kumi na zaidi anaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa nilikupata mwezi wa tano.

Kamba naye ana kazi yake. Anakatwa vipande, anasuguliwa kwa chumvi na wanga, anaoshwa kwa maji baridi yanayotiririka mpaka mwili wake unakuwa mgumu na kung'aa, anafutwa akauke kabisa, ndiyo anatiwa viungo. Ule mkatiko aliousema dada, "tak", unatoka kwenye kule kuosha. Kisha mvuke mkali dakika tano au sita. Ya saba umemuua.

Wanga wa ngano nilipoukosa Mombasa niliutengeneza: kanda unga wa ngano mgumu, ulaze nusu saa, kisha uuoshe ndani ya maji kama unavyokamua tui. Maji meupe yanabaki, acha yatuame usiku kucha, mwaga ya juu, kausha machicha meupe ya chini. Ni kazi, lakini inatoka. Na kama huna kikapu cha mianzi, tumia sufuria yenye matundu lakini funga mfuniko kwa kitambaa. Kikapu cha mianzi kinanyonya jasho la mvuke. Mfuniko wa bati unalidondosha juu ya ngozi na kuiharibu.

#6 Abuu Kilwa

Mpishi, shukrani sana. Dada mleta uzi, ulisema utarudi kwenye suala la nguruwe. Tunangoja, maana wengi wetu humu ndilo linalotuzuia.

#7 Bint Chumbageni

Haya. Hili naliandika taratibu kwa sababu liliniuma.

Siku ile ya kwanza nilimwambia mama wa mabegi mapema, na yeye akamwambia mhudumu: huyu hali nguruwe. Mhudumu akaitikia. Vikaja vya kamba, vya mboga, vya mchele. Nikala kwa amani. Siku tatu baadaye nimesimama duka la dada mmoja wa Kihui, Mwislamu wa kule kule, namsimulia kwa furaha. Akauliza: har gow umekula wapi? Nikamtajia. Akanyamaza, kisha akaniandikia kwenye simu neno 猪油. Mafuta ya nguruwe. Akanieleza kwamba kwa mapishi ya asili, ndani ya kamba wale hutiwa mafuta ya nguruwe yaliyokatwa vipande vidogo sana ili pasikauke, na maganda ya vile vikeki vya mayai mengi pia hukandwa kwa mafuta hayo. Kwa mhudumu, "hali nguruwe" maana yake hali *nyama* ya nguruwe. Hakunidanganya kwa makusudi, naamini hivyo. Lakini nililia chumbani, siwafichi. Sikula kwa kujua na Mungu anajua, ila ningependa mwenzangu asipite nilipopita.

Kwa hiyo hifadhini haya kwenye simu zenu:

猪 ni nguruwe. 猪油 ni mafuta yake. 虾 ni kamba, 牛 ni ng'ombe, 鸡 ni kuku. Sasa mtego mkubwa: neno 肉, yaani nyama, likikaa peke yake bila kutajwa mnyama, kwa kawaida ni nguruwe. Na kuna majina ambayo alama ya nguruwe haimo kabisa lakini ndiye yeye: 叉烧 (ndani ya yale maandazi meupe yaliyopasuka juu), 排骨 (mbavu), 腊肠 (soseji kavu, inakatwakatwa ndani ya keki ya figili na ndani ya wali wa kunata). Siu mai nayo, ile ya njano iliyo wazi juu, ya kawaida ni nguruwe na kamba. Ipo ya ng'ombe lakini uulize.

Alama ya kutafuta ni 清真, halali. Ukiiona mlangoni pamoja na maandishi ya Kiarabu, ingia. Guangzhou ina Waislamu wake wa tangu zamani. Msikiti wa Huaisheng, ule wenye mnara mweupe wa mita 36 hivi, ni kati ya misikiti mikongwe kabisa ya China. Shuka metro Ximenkou, laini ya 1. Upande huo huo wa mji yule dada wa Kihui alinipeleka mgahawa wa watu wake ambako wanatoa chai ya asubuhi na vitafunwa halali: siu mai ya ng'ombe, mikunjo ya mchele yenye nyama ya ng'ombe, maandazi ya mvuke. Nilikula mpaka nikaona haya. Ladha ni nzito kidogo kuliko ya Xiguan kwa sababu ng'ombe ana sauti yake, lakini chai ni ile ile, mvuke ule ule, wazee wale wale, isipokuwa hawa wana kofia nyeupe.

Kuhusu kula vya kamba au mboga katika mgahawa wa kawaida baada ya kuuliza vizuri, kila mtu na nafsi yake. Mimi sirudi tena.

#8 Abuu Kilwa

Allah akulipe kheri. Nimepiga picha ya skrini.

#9 Baharia Mstaafu

Mmenikumbusha mbali. Miaka ya tisini meli yetu ilikuwa inakaa Hong Kong siku nne, tano. Enzi zile vikapu vilikuwa vinatembezwa kwenye mikokoteni midogo, akina mama wanaisukuma katikati ya meza wanaita majina ya vitafunwa kwa sauti, kama wauza samaki Feri alfajiri. Huhitaji kujua lugha. Unafungua mfuniko, unaona, unachukua, wanagonga muhuri kwenye kadi. Wateja wazoefu walikuwa hawakai katikati ya ukumbi, wanakaa karibu na mlango wa jiko, maana mkokoteni ukifika pembeni vile vizuri vimekwisha. Siku hizi mikokoteni imebaki sehemu chache.

Waislamu mkifika Hong Kong nendeni Wan Chai, barabara ya Oi Kwan, Masjid Ammar. Ghorofa ya tano kuna kantini ya kituo cha Kiislamu, na dim sum yao halali inajulikana mji mzima. Mchana wa wikiendi utapanga foleni na Wapakistani, Waindonesia na Wachina pamoja. Unaswali chini, unapanda kula.

Ila angalieni viza yenu ya China. Kama ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Hong Kong umeshaitumia, hurudi tena Guangzhou kwenye mzigo wako. Ombeni ya kuingia mara mbili kama mna mpango huo.

Na adabu moja: birika likiisha maji usimwite mhudumu. Legeza mfuniko, uuache umekaa upande. Atakuja.

#10 Mwanachuo GZ

Niko Guangzhou mwaka wa nne sasa, nasoma. Naongeza machache.

Jina 点心 ukilivunja ni "gusa moyo". Wazee wana msemo wao, yat jung leung gin: kikombe kimoja, vipande viwili. Yaani zamani ndiyo ilikuwa chai ya mtu mmoja, chai na vitafunwa viwili tu, kisha kazini. Nimeupenda msemo huu kwa sababu mgeni anaagiza vikapu kumi kwa pupa, anashiba kabla chai haijakolea, anaondoka. Mwenyeji anaagiza viwili, anakula, anazungumza, anaagiza kingine.

Chai yenyewe mnaulizwa kwanza, kabla ya chakula. Pu'er ni nyeusi na nzito, ina harufu ya udongo uliolowa mvua, na inakwenda vizuri na vya mafuta. Tieguanyin ni nyepesi, ina maua. Pu'er iliyochanganywa na maua ya chrysanthemum ndiyo ninayoagiza mimi. Sukari na maziwa msiombe.

Kwa mwanafunzi mwenye yuan ishirini: cheung fun, ile mikunjo ya mchele. Kuna vibanda kila mtaa, huhitaji mgahawa. Uji mwepesi wa mchele unamiminwa kwenye trei pana, unasukumwa ndani ya kabati la mvuke, dakika moja au mbili unatoka utando mweupe. Wanaukwangua kwa kipande cha bati, unajikunja wenyewe kama shuka mbichi, wanakata, wanamwagia sosi ya soya yenye utamu. Kuna unaofungwa ndani yake unga wa kukaanga unaofanana kabisa na andazi refu. Nje laini, ndani karakara.

Wasiotaka wasiwasi wa mafuta ya nguruwe na wako mbali na mgahawa halali, tafuteni alama 素, migahawa ya Mabudha wasiokula nyama kabisa. Wana chai ya asubuhi pia, na uyoga wao unashangaza.

#11 Kamba wa Kilifi

Nairobi, upande wa Kilimani na Hurlingham, migahawa ya Kichina ni mingi na baadhi wanaandika dim sum kwenye orodha. Ila angalieni: sehemu nyingi wanakuletea jiaozi, zile za unga wa ngano zilizokunjwa nusu mwezi. Jiaozi ni chakula cha kaskazini, ni kitamu, lakini si hiki kinachozungumzwa hapa. Ngozi isipoangaza, hiyo si har gow.

#12 Kontena40, Aprili 2024

MREJESHO.

Wakuu nimekwenda. Nimefuata maelekezo ya dada neno kwa neno, Changshou Lu saa moja na nusu asubuhi, mimi na jamaa yangu wa vipuri. Jamaa alikuwa ananung'unika njia nzima kwamba tunapoteza asubuhi ya kazi.

Mimi nina habari moja tu: miguu ya kuku. Wanaiita makucha ya feniksi. Sisi Dar miguu ya kuku tunaijua, ya kukaanga na chumvi, unang'wafua mfupa. Hii ni kitu kingine. Mhudumu mmoja kijana mwenye Kiingereza alinieleza: wanaikaanga kwanza kwenye mafuta mengi, wanaitia maji ya baridi mpaka ngozi inavimba na kukunjana, wanaichemsha na viungo, kisha ndiyo inaingia kwenye mvuke na sosi ya maharage meusi ya soya yaliyochachushwa. Rangi ya kahawia inayong'aa. Unaweka kidole kizima cha kuku mdomoni, unabana kwa midomo, ngozi yote inateleza inabaki ulimini kama mafuta mazito yenye chumvi na utamu na pilipili kwa mbali, unatoa vifupa kimoja kimoja kwa adabu kwenye sahani. Tumeagiza mara tatu. Jamaa yangu wa vipuri, yule yule aliyenung'unika, ndiye aliyeagiza mara ya tatu.

Tuligonga meza kwa vidole. Mama mmoja wa meza ya jirani aliona, akacheka kwa furaha, akatuletea kipande cha keki yake ya mvuke ya kahawia, laini, yenye vitundu vitundu. Inaitwaje hiyo?

#13 Mwanachuo GZ

Ma lai go, maana yake keki ya Malay. Mayai, unga, sukari ya kahawia, inapikwa kwa mvuke.

#14 Ndugu wa Lushoto

Mpishi wa Kizingo, nimejaribu ile ngozi mara mbili. Mara ya kwanza ilikatikakatika, maji yalikuwa yamepoa. Jana imekubali. Marinda manne tu, lakini ilikubali, na watoto wanataka tena Jumamosi. Nilitia nyama ya kusaga kwa kuwa kamba hapa mlimani hawafiki wazima.

#15 Mpishi wa Kizingo

Manne ni mwanzo mzuri, mimi nilianza na matatu. Ukitia nyama punguza, iwe nusu ya unavyotia kwenye sambusa, na dakika ziwe nane.

#16 Bint Chumbageni

@Kontena40 nimesoma mrejesho wako mara mbili, umenipa raha kweli.

Hiyo ma lai go ndiyo niliyokuja nayo nyumbani, kwa maana ya kwamba niliomba maelezo yake kwa yule dada wa Kihui nikaipika Tanga, kwa samli badala ya mafuta yao. Mayai manne, unga vikombe viwili kasoro, sukari guru niliyoikwangua, maziwa ya kopo kidogo, baking powder. Nikaiweka ndani ya lile sufuria la mama la kupikia mkate wa kumimina, mfuniko nikaufunga kitambaa kama alivyosema mpishi. Dakika thelathini. Ilipanda mpaka ikagusa kitambaa.

Mama alikula kipande cha kwanza kimya. Akakata cha pili, akakinusa, akaniuliza Wachina hawana iliki? Nikamwambia hii hawatii. Akasema basi kesho tutie.

Tumetia. Punje sita, zilizotwangwa na maganda yake kutolewa.